Wito wa Wakili

Paulo anapofunga waraka wake kwa Tito, anamwomba amsafirishe Zena, yule mwanasheria, pamoja na Apolo, na ahakikishe hawapungukiwi na kitu njiani. Hatuambiwi zaidi. Hatujui Zena alitetea kesi gani, wala safari ile ilimpeleka wapi. Tunajua tu kwamba alikuwa mwanasheria, alikuwa mmoja wa ndugu, na alihitaji masurufu. Katika Matendo ya Mitume sura ya 24 tunakutana na msemaji mwingine wa mahakamani, Tertulo, aliyeshuka pamoja na kuhani mkuu ili amshitaki Paulo mbele ya liwali Feliki. Huyu anaanza kwa kummwagia liwali sifa, kisha ndipo anafika kwenye mashitaka. Wote wawili walijua kusema mbele ya wakubwa. Ujuzi ni uleule, bali waliutumia mahali tofauti.

Sisi Walutheri tuna historia ya ajabu kidogo na watu wa sheria. Mzee Hans Luther alitaka mwanawe Martin awe mwanasheria, na kijana alianza masomo hayo kule Erfurt mwaka 1505. Hayakufika mbali. Julai ya mwaka huohuo radi ilipiga karibu naye njiani, jirani na kijiji cha Stotternheim, akaweka nadhiri kwa hofu, akaingia utawani, na baba yake akakasirika sana. Desemba 1520 alikuwa akitupa vitabu vya sheria za kanisa motoni pale Wittenberg. Wajerumani wana msemo wa zamani kwamba mwanasheria huwa Mkristo mbaya, na Luther hakuuona msemo huo kuwa wa uongo. Lakini ni Luther huyohuyo aliyetufundisha kwamba mkulima, mama anayemwosha mtoto na hakimu aketiye kitini wanaweza kumtumikia Mungu katika kazi zao kama mtawa katika sala zake, au kumzidi. Kwa hiyo hatuwezi kuwafukuza wanasheria kwa mzaha wa kale. Tunapaswa kuuliza: kazi ya uwakili inakuwa wito lini, na lini inabaki kuwa ngazi ya kupandia?

Swali hili si la wasomi peke yao. Kijana wa usharika anapokubaliwa kuwa wakili, wazazi wanaleta sadaka ya shukrani, kwaya inaimba, na mzee mmoja anasimama kusema Mungu amemwinua mtoto wetu. Ni haki kushukuru. Ada ya miaka mingi imelipwa kwa ng'ombe, kwa kahawa, kwa mikopo ya vikoba. Lakini neno hilo, ameinuliwa, linahitaji kuangaliwa vizuri. Ameinuliwa kutoka wapi, na amewaacha nani chini?

Tunataka kumleta mbele yenu mtu mmoja aliyelishughulikia swali hili kwa maisha yake. Hakuwa Mlutheri wala mchungaji. William Stringfellow alizaliwa mwaka 1928 katika jimbo la Rhode Island, Marekani, akabatizwa katika Kanisa la Episkopali, ambalo ni ndugu wa Waanglikana wetu. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kufuma soksi. Kijana alikuwa na akili nyingi na imani isiyofichika, na watu waliomwona hivyo walisema jambo ambalo hata hapa kwetu lingesemwa: huyu awe kasisi. Alikataa. Aliona kwamba kumwambia kila Mkristo mwenye bidii akavae kanzu ni kukiri kwa siri kwamba ubatizo hautoshi. Hapa alikuwa Mlutheri kuliko Walutheri wengi, maana ukuhani wa waamini wote tunaufundisha kipaimara na kuusahau mwezi unaofuata.

Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard, akamaliza mwaka 1956. Mtu mwenye cheti cha Harvard aliweza kuchagua ofisi yenye zulia mjini New York. Yeye alihamia New York hiyohiyo, lakini upande wa East Harlem, katika Mtaa wa 100, kwenye fleti ndogo ndani ya jengo chakavu lenye mende na harufu nzito. Majirani zake wengi walikuwa Wapuerto Rico na watu weusi. Alikaa Harlem miaka kama saba, na mwaka 1964 akaandika kitabu kuhusu miaka hiyo. Wateja wake walikuwa wapangaji waliotaka kufukuzwa na wenye nyumba, vijana waliokamatwa na polisi, na watumiaji wa dawa za kulevya ambao familia zao zilikwisha kuchoka nao. Alikutana nao vibarazani na pembeni mwa barabara, si ofisini tu.

Alipoangalia nyuma baadaye, Stringfellow alisema kwamba tangu ujana wake aliifia kazi kama njia ya kujipatia makuu. Hakuiacha sheria. Aliacha kuiuliza sheria itampa nini. Kwake kazi ya namna ile, yenye kupanda daraja baada ya daraja, ilikuwa mojawapo ya zile enzi na mamlaka ambazo Paulo anazitaja katika Waefeso: kitu kisicho na mwili ambacho bado kinamtawala mtu, kinampangia rafiki, nyumba, na hata maneno ya kunyamazia. Wengi wetu tunapohubiri juu ya enzi na mamlaka tunawaza mapepo ya usiku. Yeye aliziona mchana, zikifanya kazi saa za ofisi.

Karl Barth, mwanatheolojia mkubwa wa Uswisi, alitembelea Marekani mwaka 1962. Kule Chicago waliketi naye jukwaani wasomi wa theolojia, na kati yao mwanasheria huyu mmoja. Barth ndiye aliyewaambia Wamarekani wamsikilize.

Kuna jambo moja la Harlem linalofaa kuchunguzwa na kila baraza la wazee. Mchungaji mmoja alimpigia simu kuhusu mama maskini aliyekuwa anafukuzwa nyumbani kwa kukosa kodi. Je, wakili ana njia yoyote ya kisheria? Stringfellow alikuwa ametingwa na kesi nyingine. Akajua kwamba kanisa la mchungaji yule lilikuwa na mapazia ya thamani yaliyofumwa kwa mkono, akamwambia wauze pazia moja walipe kodi, akakata simu. Baadaye, alipolitafakari jibu lake la haraka, hakulifuta. Aliona kwamba kanisa lina uhuru wa kuwa na mapazia mazuri pale tu lilipo na uhuru wa kuyauza. Ukali wa namna ile hatuupendi sana, na mchungaji aliyepiga simu angestahili walau kwaheri. Lakini hoja yenyewe haina upenyo. Mwenzetu yule alitafuta wakili kwa tatizo ambalo halikuwa la sheria. Mwanasheria mwaminifu ni yule anayeweza kukuambia kwamba unachohitaji si yeye.

Tunalitazama hili na kufikiria namna sharika nyingi zinavyowatumia wanasheria wao. Wanakumbukwa pale kiwanja cha kanisa kinapogombaniwa mpaka, au harambee ya paa inapohitaji mgeni rasmi. Hayo ni halali. Ni mara chache wakili anaulizwa na wazee wa kanisa, mwaka huu umesimama na mjane gani? Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua mawakili na wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia wasio na uwezo. Mlango uko wazi kisheria. Mithali 31 ilikwisha kuufungua zamani, pale mama yake mfalme Lemueli anapomwagiza mwanawe afumbue kinywa kwa ajili ya asiyeweza kusema.

Sasa tunafika penye ugumu. Washarika huuliza, na wanauliza kwa haki: Mkristo anawezaje kumtetea mwizi? Baadhi ya wateja wa Stringfellow hawakusingiziwa. Walifanya yale waliyoshitakiwa. Je, wakili aliyesimama nao hakushiriki dhambi yao?

Jibu la kwanza ni la mahakamani, nalo ni fupi. Wakili hatoi hukumu. Upande wa mashitaka una wajibu wa kuthibitisha, hakimu ana wajibu wa kuamua, na wakili yupo ili mtu mmoja asikutane peke yake na nguvu zote za dola. Hata aliyekosa anastahili adhabu ya kosa lake na si zaidi. Marekani yenyewe, pamoja na utajiri wake, ilisubiri mpaka mwaka 1963 ndipo Mahakama Kuu yake ikatamka kwamba maskini anayeshitakiwa kwa kosa kubwa katika mahakama za majimbo lazima apewe wakili.

Jibu la pili ni la Injili, na hapa tungependa kukaa kidogo. Yohana anaandika kwamba mtu akitenda dhambi, tunaye mmoja wa kututetea kwa Baba, Yesu Kristo mwenye haki. Neno la Kigiriki alilotumia, parakletos, ni la mtu aliyeitwa kusimama kando ya mwingine, na lilijulikana mahakamani. Angalieni Yohana hasemi wakili huyu ni wa wasiosingiziwa tu. Anasema mtu akitenda dhambi. Kwa hiyo anayeshangaa kwamba mwenye hatia ana mtetezi anashangazwa na wokovu wake mwenyewe. Wala Kristo hatutetei kwa kusema uongo kwamba hatukukosa. Anakubali shitaka na kusimama nasi kizimbani. Mpaka wa wakili Mkristo uko hapohapo: anaweza kusimama na mwizi mpaka mwisho, lakini hawezi kumfundisha shahidi uongo, wala kumpitishia hakimu bahasha. Siku anapofanya hivyo ameacha kiti cha mtetezi na kuhamia cha Tertulo.

Wengine watapinga kwa njia nyingine. Stringfellow hakuwa na mke wala watoto. Ni rahisi kuifia ngazi kama hakuna anayesubiri ada ya shule. Hoja hii ina uzito. Wakili mwenye watoto wanne, na mama mwenye kisukari kijijini, hatendi dhambi kwa kuandika mikataba ya benki na kulipwa vizuri, na mkataba ulioandikwa kwa ukweli unawakinga watu wengi wasiojua hata kama upo. Tukiugeuza mfano wa mtu huyu kuwa sheria, tutakuwa tumeua kile kilicho chema ndani yake, maana Injili ikigeuzwa sharti si Injili tena. Paulo anawaambia Wakorintho kila mmoja akae katika hali aliyoitiwa, na wengi wetu tumeitiwa penye bili za umeme. Tunachojifunza kwake hakihusu sana mtaa wa kukaa. Je, ipo kesi ambayo wakili huyu angeikubali ingawa itamharibia jina? Yupo mkubwa ambaye anaweza kumkataa? Kama hayupo, basi hata mshahara mnono ni kamba shingoni.

Yeye mwenyewe alilipia jambo hilo. Alihamia kisiwa kidogo cha Block Island mwaka 1967, na mwaka uliofuata alipasuliwa, kongosho likaondolewa, akaishi na kisukari hadi mwisho. Agosti 1970 maofisa wa upelelezi waliojifanya watazama ndege walimkamata nyumbani kwake padri Daniel Berrigan, aliyekuwa akitafutwa kwa kuchoma hati za kuandikisha vijana vitani Vietnam. Stringfellow na rafiki yake Anthony Towne, mshairi, walishitakiwa kwa kumhifadhi. Shitaka lilifutwa. Wenyeji wa kisiwa baadaye walimchagua katika uongozi wa mji wao mdogo, na mtu aliyehojiana na dola akawa anashughulika na mambo ya maji na viwanja ya majirani.

Na tusisahau sarakasi. Mtu huyu mwenye maneno makali alipenda sarakasi kama mtoto. Alikusanya picha na mabango yake, na katika miaka ya 1960 alitumia kiangazi kimoja akisafiri na kundi la wanasarakasi kutoka mji hadi mji, akilala wanapolala. Wapo watakaosema huo ni upuuzi wa mzungu aliyekosa shughuli. Sisi hatuoni hivyo. Mtu ambaye kazi ndiyo mungu wake hawezi kupenda kitu kisichomwongezea cheo. Hata Jumapili anahesabu. Stringfellow alikuwa na nafasi ya kukaa chini ya hema na kumtazama binti anayetembea juu ya kamba, mchekeshaji, tembo, watu wa mataifa mengi na maumbo ya kila namna wanaokula sufuria moja, wakicheza na kifo kila jioni bila kukipigia magoti, kisha asubuhi wanang'oa hema na kwenda, kwa kuwa hawana mji udumuo. Aliona humo sura ya ufalme wa Mungu, mapema kidogo kuliko ratiba. Alifariki Machi 2, 1985, akiwa na miaka 56.