Kumuunga Mkono Askari, Kuvipinga Vita Vyake

Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 26 Mei 2023, wapiganaji wa al-Shabaab walivamia kambi ya jeshi letu la Uganda huko Buulo Mareer, kusini mwa Somalia. Habari zilinifikia kupitia kikundi cha WhatsApp cha ukoo wetu. Kaka yangu alikuwa Somalia mwaka ule. Hatukujua yuko kambi gani, kwa kuwa hakuwa akituambia, nasi tulikuwa tumejifunza kutouliza. Mama yangu, anayeishi Gulu, hakuwasha moto jikoni siku ile wala siku iliyofuata. Mimi nilikuwa Kampala, nikipiga namba ile ile kila baada ya nusu saa. Jumapili usiku akapiga yeye. Alisema, “Mdogo wangu, mimi ni mzima. Mwambie mama. Mengine usiniulize.” Simu ikakatika.

Wiki moja hivi baada ya shambulio hilo, Rais Museveni alitangaza kwamba askari 54 waliuawa. Nilimshukuru Mungu kwamba kaka hakuwa miongoni mwao. Kisha nikaona aibu, kwa sababu kulikuwa na akina dada wengine waliopiga simu kama mimi na hawakupigiwa tena.

Lakini kuna aibu nyingine iliyonifanya niandike insha hii. Muhula ule ule nilikuwa nimesimama katika mdahalo darasani nikitetea hoja kwamba Uganda iondoe majeshi yake Somalia. Upande wangu ulishinda. Ada yangu ya muhula ule ilikuwa imelipwa na kaka, kutoka katika posho yake ya Somalia. Hakuna aliyeniuliza juu ya jambo hilo, maana hakuna aliyelijua. Basi najiuliza mwenyewe: je, mtu anaweza kumuunga mkono ndugu yake aliye vitani huku akivipinga vita vyenyewe, au huo ni unafiki tu?

Kwanza nieleze kwa nini navipinga. Askari wa Uganda waliingia Mogadishu mwezi Machi 2007 chini ya Umoja wa Afrika. Wakati huo sikuwa nimeanza shule ya msingi. Jina la kikosi limebadilika mara mbili: AMISOM ikawa ATMIS mwaka 2022, na ATMIS ikawa AUSSOM mwanzoni mwa 2025. Mimi sasa niko chuo kikuu, askari wetu bado wako kule, na al-Shabaab bado wako kule. Kundi hilo lilipata nguvu kwa kutumia hasira ya Wasomali wengi dhidi ya jeshi la Ethiopia lililoingia nchini mwao Desemba 2006. Sisemi kwamba majeshi ya kigeni ndiyo yaliyowazaa al-Shabaab. Nasema yamewapa neno la kuwaitia vijana mwaka baada ya mwaka. Na chini ya vita vile kuna maswali ya nani atawale, ardhi ni ya nani, na ukoo upi upate nini serikalini. Kijana kutoka Gulu mwenye bunduki hawezi kuwajibia Wasomali maswali hayo. Anaweza kulinda lango wakati wao wanajadiliana, lakini mtu hawezi kulinda lango miaka 18.

Kaka yangu hakubaliani nami, na ni haki nimpe nafasi. Alipokuja likizo tulikaa chini ya mwembe nyumbani nikamweleza hoja zangu zote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama najua Mogadishu ilikuwaje kabla ya Agosti 2011, mwezi ambao al-Shabaab waliondoka jijini baada ya kupigana na askari wa AMISOM mtaa kwa mtaa. Akanikumbusha pia usiku wa tarehe 11 Julai 2010, wakati wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalipolipuka Kyadondo na Kabalagala hapa Kampala, watu zaidi ya 70 wakafa.

“Wale waliokuwa wakitazama mpira walikuwa na bunduki?” akauliza.

Nikamjibu kwamba al-Shabaab wenyewe walisema walikuwa wakilipiza kisasi kwa kuwa askari wetu wako kwao.

“Kwa hiyo muuaji akikupa sababu, wewe unaipokea?”

Sikuwa na jibu siku ile. Leo ningemwambia kwamba kueleza chanzo cha jambo si kulihalalisha. Hata hivyo swali lake linanisaidia nisijione mwerevu kuliko yeye. Ameyaona mengi ambayo mimi nimeyasoma tu.

Wanafalsafa wamelijadili suala hili kwa njia mbili zinazopingana. Michael Walzer, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu vita vya haki na visivyo vya haki, anatenganisha mambo mawili: uamuzi wa kuingia vitani na namna ya kupigana vita hivyo. Uamuzi ni mzigo wa viongozi. Askari anawajibika kwa matendo yake akiwa vitani: amemlenga nani, amemwacha nani. Kwa mtazamo huo askari wa pande zote mbili wako sawa kimaadili, hata kama upande mmoja ndio wenye makosa. Jeff McMahan, katika kitabu chake cha mwaka 2009, anapinga. Anasema anayepigania jambo lisilo la haki hawezi kujificha nyuma ya amri, kwa sababu kuua bila sababu ya haki hakugeuki kuwa halali kwa kuvaa sare.

Niliposoma hoja ya Walzer nilipumua. Ilinipa ruhusa ya kuipinga serikali na kumwacha kaka nje ya lawama. Baadaye nikaona kwamba ruhusa hiyo ina gharama. Nikisema kaka hahusiki kabisa na vita anavyopigana, nimemfanya chombo, kama jembe ambalo halina habari ya shamba. Kaka yangu si jembe. Alijiandikisha kwa hiari yake akiwa na miaka 20, na anayo maoni yake kama nilivyoonyesha. Niliposoma hoja ya McMahan nilitishika, lakini nikaona na yeye nikimfuata sitaishia kwa kaka. Kama anayebeba bunduki ana hatia, vipi aliyelipiwa ada kwa kazi ya bunduki hiyo? Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi ni wa kwao, na nimekula.

Kuna wakati nilitaka kujitoa. Nilimwambia kaka nitatafuta kazi ya kulipia masomo mwenyewe, na nikamweleza sababu. Alinyamaza kidogo kisha akasema, “Unataka niwe nilikuja huku bure?” Niliona nimemuumiza kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nikitaka kunawa mikono, na maji ya kunawia yalikuwa jasho lake. Kuikataa pesa ile kusingemrudisha nyumbani hata siku moja mapema, wala kusingeokoa Msomali yeyote. Kungenifanya mimi tu nijisikie msafi. Nikaendelea kuipokea. Lakini tangu siku hiyo naichukulia kama deni, na nimejiuliza sana deni hilo nalilipa vipi.

Jibu nilianza kulipata kwa mama. Alikaa miaka mingi katika kambi ya waliokimbia makazi yao wakati wa vita vya LRA, na ananiambia kwamba siku zile waliwaogopa wenye bunduki wa kila upande. Kaka alipojiandikisha, mama alilia na kumwambia waziwazi kwamba hataki. Tangu hapo hajawahi kumwambia kwamba amebadilisha mawazo. Lakini kila kaka anapokuja likizo, mama huzipiga pasi nguo zake zote, sare ikiwa ya kwanza, na siku ya kuondoka humuuliza swali lile lile: “Bado unalala usingizi?” Nilidhani ni swali la afya. Siku hizi nadhani anauliza kama kaka ametenda jambo ambalo litamzuia kulala.

Swali la mama si la bure. Mwezi Agosti 2021 askari wa Uganda waliwaua raia saba huko Golweyn, katika jimbo la Shabelle ya Chini. Mahakama ya kijeshi ya Uganda iliyokaa Mogadishu iliwatia hatiani askari watano. Kaka hakuwa Somalia mwaka ule. Lakini wale watano nao wana mama na dada, na labda wapo waliosomeshwa kwa posho zao. Nimejiuliza: kama mmoja wao angekuwa kaka yangu, kumuunga mkono kungekuwa nini? Naamini ningempelekea chakula gerezani kila ninaporuhusiwa, na nisingeomba hukumu ifutwe. Ningekaa naye mpaka aweze kutamka alichofanya. Ndugu anayesema “hukufanya kosa” anamwacha peke yake na kosa lake. Ndugu anayesema “sikujui tena” anamwacha peke yake vilevile.

Swali hilo lilinijia kwa njia nyingine pia. Nina rafiki Msomali chuoni ambaye familia yake inaishi Kisenyi. Mwaka mzima aliponiuliza kuhusu kaka yangu nilijibu kwamba anafanya kazi nje. Siku moja kwao, mama yake akitumiminia chai, nikaona siwezi kuendelea kunywa chai yao na kuwadanganya. Nikasema ukweli. Rafiki yangu aliuliza neno moja tu: “Mwaka gani?” Nikajibu 2022 na 2023. Akavuta pumzi, akasema, “Sawa.” Shangazi yake yuko Shabelle ya Chini. Tulibaki marafiki, lakini nilielewa kwamba “sawa” ile nilipewa kwa sababu ya tarehe. Wapo Wasomali wanaowashukuru askari wetu na wapo waliozika watu wao kwa sababu yao. Kumpenda kaka hakunipi haki ya kuwachagua wale wa kwanza tu na kuwasahau wa pili.

Nisemalo basi ni hili. Wengi hudhani kumuunga mkono askari ni kukubali anachotumwa kufanya, na wanaodhani hivyo wako pande zote mbili. Wanaopenda vita hutuambia kwamba tukivipinga tunawavunja moyo askari. Baadhi ya wanaovipinga hutuambia kwamba tukiwapenda askari tunavilisha vita. Wote wanamtumia kaka yangu kama hoja. Mimi nasema kumuunga mkono ni kumtaka arudi mzima, mwili wake na utu wake. Na nikitaka arudi hivyo, nina kila sababu ya kuuliza kwa nini ametumwa, atakaa mpaka lini, na anafanya nini akiwa kule.

Jambo hili linahusu hata lugha ninayoiandikia. Kwa wazee wetu wengi hapa Uganda, Kiswahili ni lugha ya askari. Walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani enzi za Amin. Nilipochagua kukisoma, bibi yangu aliniuliza kama na mimi nakwenda jeshini. Nyumbani tunaongea Kiacholi. Kiswahili kaka alikipata kambini na mimi nilikipata darasani, na kwa utani huniita afande. Lakini kule kambini jibu lake kwa kila agizo ni “ndiyo, afande”. Jeshi haliwezi kuendeshwa kwa mjadala, naelewa. Ndiyo maana anahitaji mahali ambapo anaweza kujibu neno jingine: kusema anaogopa, ana shaka, au amekosea. Mahali hapo ni kwetu. Nikimpigia makofi tu nimekuwa kambi ya pili. Nikimlaumu tu, hatanipigia tena simu.

Deni langu nalilipa hivyo: kumwambia kaka ukweli kabla sijauambia mdahalo, na kubaki kwenye simu baada ya kuusema. Najua malipo hayo ni madogo, na kwamba watu wa Golweyn hawayaoni.

Mwezi uliopita kaka aliniambia huenda akatumwa tena. Nilimpelekea rasimu ya insha hii aisome kwanza. Baada ya siku tatu alijibu: “Nimesoma. Kuhusu Mogadishu umenionea. Mengine ni kweli.” Kisha akauliza kama ada ya muhula huu imekwisha kulipwa. Nilirudi kwenye rasimu nikaona ni kweli nilikuwa nimemwonea. Maneno yake kuhusu Agosti 2011 hayakuwamo, na nimeyaongeza. Msimamo wangu kuhusu vita sijaubadilisha, na yeye anajua.