Tumaini na Shaka Mbele ya Kioo Kinachokunjwa

Ahadi ya kifaa kipya huzua swali la zamani la falsafa: ushahidi kiasi gani unatosha ili mtu aamini? Februari 2019 Samsung ilitangaza Galaxy Fold, simu ya kioo kinachokunjwa, kwa dola 1,980. Aprili, baadhi ya simu walizopewa waandishi kuzijaribu ziliharibika. Baadhi ya waandishi hao walikuwa wamebandua utando wa juu wa kioo wakidhani ni plastiki ya kutupwa. Mauzo yakaahirishwa hadi Septemba. Kuhusu swali hilo la ushahidi, mwanafalsafa David Hume, mwaka 1748, alishikilia kwamba imani ilingane na ushahidi. Kipimo hicho ni cha haki, lakini hakitoshi: uimara wa bawaba hujulikana baada ya mtu kuikunja simu kila siku kwa miezi, na mtu huyo lazima aanze kwa tumaini.