Kutoa ni Moyo: Tumeikata Methali Nusu

Hakuna harambee ya kanisa isiyokuwa na mshereheshaji, wala mshereheshaji asiyeimba kwamba kutoa ni moyo. Huimba akimlenga mama muuza mboga aliyeketi nyuma, mpaka afungue fundo la leso. Kisha kipaza sauti humhamia mheshimiwa, bahasha yake isomwe kwa makofi. Methali imegeuzwa tozo.

Wenye nacho nao wana ujanja wao. Hudondosha noti ndogo kuliko zote na kujitetea kwamba Mungu hutazama moyo. Pande zote mbili zimeiacha nusu ya pili: usambe ni utajiri, yaani usiseme ni utajiri. Nusu hiyo humnyima maskini kisingizio cha kungoja apate, na humnyima tajiri fahari ya bahasha nene.

Wengi hushikilia kwamba moyo unaosemwa hapa ni nia njema tu. Nakataa. Nia njema haimgharimu mtu kitu. Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, anamkemea anayemtakia mwenye njaa heri na shibe, kisha akamwacha aende mikono mitupu. Msamaria wa Luka 10 alimwonea majeruhi huruma, lakini hakuishia hapo: alimfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa dinari 2 kwenye nyumba ya wageni. Dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja. Huo si utajiri. Moyo wake uko katika ahadi ya kurudi kulipa gharama itakayozidi. Alijifunga kwa mtu asiyemjua, tena wa taifa lililobaguana na lake.

Ndipo nawauliza wanaomtaja mjane maskini wa Luka 21, aliyetoa vyote alivyokuwa navyo, kila wakikusanya sadaka: mbona hamwanzii mwisho wa sura ya 20, Yesu anapowalaani walimu wa sheria wanaokula nyumba za wajane?

Tena kutoa hakuishii kwenye sadaka. Mwaka 1994, mjini Gisenyi, Rwanda, Felicitas Niyitegeka, Mhutu, aliwaficha Watutsi katika kituo cha kanisa alikohudumu. Kaka yake, afisa wa jeshi, alimsihi ajiokoe. Hakukubali kuwaacha, akauawa kama wao. Alichotoa hakikutoka mfukoni.

Sisi leo tunapeleka pakiti mbili za unga kwa yatima na simu tano za kuwapiga picha. Mtoto anashikishwa unga, anaambiwa atabasamu, na kabla hatujafika nyumbani uso wake umeshasambazwa. Hapo tumejitangaza, hatujatoa.

Mfuasi wa Kristo hutambulikana kwa upendo, na upendo una kesho yake: mgonjwa uliyemwombea Jumapili atahitaji maji ya kuoga Jumatatu. Nenda ukamtekee. Na utakapoisema methali hii tena, iseme yote.