Mke wa Nani?

Jina la Leakey likitajwa hapa Kenya, wengi wetu tunamwona mwanamume akilini. Mimi pia, na ninaishi Kitengela, katika kaunti ya Kajiado, ambako kazi ya mwanaakiolojia Mary Leakey bado imelala chini kama alivyoikuta. Pitia Isinya, kata kulia hadi Kiserian, kisha uteremke na barabara ya Magadi mpaka Olorgesailie. Pale kuna njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya rundo la mashoka ya mawe, yaliyochongwa na viumbe waliotutangulia kwa mamia ya maelfu ya miaka. Mary na mumewe Louis walifika hapo mwaka 1942. Vita vilikuwa vimepamba moto na Louis alikuwa na majukumu Nairobi, hivyo Mary ndiye aliyepiga kambi kwenye joto lile na kuongoza uchimbaji, mtoto mdogo akiwa naye na wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakiwa vibarua wake.

Julai 1959 wakawa Olduvai, Tanganyika. Louis alikuwa kambini, homa imemlaza. Mary alitoka na mbwa wake na akaliona fuvu la kiumbe wa kale aliyekuja kuitwa Zinjanthropus. Mwezi uliofuata jarida la Nature la Uingereza likachapisha makala kuhusu fuvu hilo. Mwandishi alikuwa Louis peke yake.

Nisimsemee asiyoyasema. Alipoulizwa uzeeni, Mary alijibu kwamba hakuwahi kujiona ameonewa kwa kuwa mwanamke. Jibu lake naliheshimu, ingawa haliniridhishi. Alikuwa Mzungu katika koloni la Wazungu, na mumewe ndiye aliyekuja kusimamia makumbusho. Waafrika waliochimba pamoja naye hawakuwa na bahati hiyo. Wengi wao hata majina hayakuandikwa. Sasa, aliye Mwafrika na tena mwanamke angepitia wapi?

Januari 1966 alijitokeza mmoja. Wangari Maathai, wakati huo akiitwa Wangari Muta, alirudi kutoka Marekani na shahada ya uzamili ya biolojia, mkononi ana barua ya kazi katika idara ya zuolojia ya chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipofika kuripoti, akaambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Baadaye aliandika kwamba aliamini alinyimwa kwa kabila lake na kwa uanamke wake. Aliyempokea ni profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, katika anatomia ya mifugo, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu.

Ungedhani hapo mambo yameisha. Lakini daktari huyo alipodai marupurupu ya nyumba kama wahadhiri wenzake wanaume, hoja aliyokutana nayo ni kwamba aliyeolewa hutunzwa na mumewe. Alifundisha mihadhara ileile, akasahihisha mitihani ileile, kisha malipo yake yakapimwa kwa cheti cha ndoa! Yeye na mhadhiri mwenzake, Vertistine Mbaya, waligoma kunyamaza. Hatimaye chuo kikawapa wao wawili walichodai, wanawake wengine wakaachwa walivyokuwa. Ujanja huo ni wa kale: mpe mwenye kelele, umalizane naye.

Nasi wa Kajiado tusijifanye watazamaji. Sheria ya mwaka 1968 ilipoleta ranchi za vikundi, yaani ardhi ya kumilikiwa kwa pamoja, madaftari ya wanachama yalijaa wanaume, wakuu wa boma. Mwanamke wa Kimaasai aliyeijenga nyumba kwa mikono yake na kukamua ng'ombe kila alfajiri alihesabiwa ndani ya jina la mumewe. Baina ya daftari lile na ukurasa ule wa Nature, mimi sioni tofauti kubwa.

Mama mmoja jirani yangu ana binti mkemia katika maabara ya kiwanda upande wa Athi River. Binti aliomba zamu ya usiku, ambayo malipo yake ni mazuri zaidi. Msimamizi akamuuliza kama mumewe amekubali. Hajaolewa.

"Akamjibu nini?" niliuliza.

"Wacha wewe! Alimwambia alete kwanza barua ya ruhusa kutoka kwa mkewe."

Tulicheka sana. Zamu yenyewe bado hajapewa.