Kabla ya Kusema Ni Porojo

Mtoto wa Ikutha, Ukambani, haelezwi ukame. Kiangazi kikikaza, humkuta ameinama kwenye shimo lililochimbwa katika mchanga wa mto, akichota maji kikombe kwa kikombe hadi mtungi ujae, punda akingoja ukingoni. Lakini jioni akishika hadithi ya sayari za mbali, huambiwa aache porojo, asome ya mtihani.

Porojo hiyo inamhusu. Katika Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, vita vya maji vimepita na watu hunywa jasho na mkojo wao uliosafishwa. Octavia Butler, mwandishi mweusi wa Marekani, aliandika Parable of the Sower mwaka 1993. Humo California imekauka na maji ni ghali kuliko petroli. Lauren, msichana wa miaka 15, anasoma habari za mimea ya kwao na kufunga mkoba wa dharura huku wakubwa wakisema mambo yatatengemaa. Kwa Kiswahili tunayo Walenisi ya Katama Mkangi (1995): aliyehukumiwa kifo anarushwa angani, akafikia sayari yenye haki asiyowahi kuiona kwao.

Wala kuwaza hivyo si jambo la kigeni Ukambani. Wazee bado wanasimulia jinsi nabii Syokimau alivyotabiri joka refu kutoka baharini kabla reli haijajengwa. Anayemheshimu Syokimau hana sababu ya kumcheka mtoto anayewaza ya miaka hamsini ijayo.

Wajibu wa mlezi hauishii kununua kitabu. Kwanza, apime umri: riwaya ya Butler ina mauaji na ubakaji, na haimfai mtoto wa shule ya msingi. Pili, naye aonekane akisoma, kwani mwana hutazama kisogo cha nina. Asiyejua Kiingereza amwombe mtoto amsimulie hadithi kwa Kikamba, kisha amuulize: maji haya yalimilikiwa na nani? Nani alinyimwa? Wewe ungefanyaje?

Jibu laweza kugusa kisima cha kijiji, kamati yake, hata mzazi mwenyewe. Asikemewe. Mtoto anayenyamazishwa akiuliza juu ya maji ya kitabuni hatathubutu kuuliza juu ya maji ya kwao, na siku moja kamati hiyo itamhitaji.