Bastola Darasani

Mwishoni mwa Novemba 2004, katika Chuo Kikuu cha California tawi la Los Angeles, yaani UCLA, mwanafunzi wa shahada ya uzamili alisimama mbele ya wenzake kuonyesha kazi yake. Somo lilikuwa sanaa ya maonyesho ya majaribio, ile ambayo msanii hana mhusika wa kuigiza wala hadithi ya kusimulia, bali mwili wake na muda wake ndio kazi yenyewe. Kwa maelezo yaliyotolewa baadaye, alichomoa kitu kilichoonekana kuwa bastola, akatia kilichoonekana kuwa risasi moja, akazungusha silinda, akaelekeza mtutu kichwani na kuvuta kifyatulio. Haikulia. Akatoka nje. Punde ukasikika mlio, na waliobaki ndani hawakujua kama mwenzao yu hai.

Alikuwa hai. Polisi walichunguza, waendesha mashtaka hawakumfungulia kesi. Jina lake halina haja hapa. Profesa mmoja wa idara hiyo, ambaye siku ile hakuwemo chumbani, alitaka kijana asimamishwe masomo. Chuo hakikumsimamisha. Kabla mwaka haujaisha, profesa huyo na mkewe, mchongaji Nancy Rubins, naye mwalimu hapohapo, walikuwa wameacha kazi. Profesa alikuwa amefundisha UCLA tangu 1978.

Habari ilipotoka magazetini Januari 2005, watu wa sanaa walicheka kwanza, kwa sababu profesa mwenyewe alikuwa Chris Burden. Huyu ndiye aliyesimama mbele ya bunduki mwaka 1971 akamwambia rafiki yake ampige risasi mkononi, akaiita sanaa. Ndiye aliyesulubiwa kwa misumari ya kweli juu ya mgongo wa gari la Volkswagen mwaka 1974. Leo mtoto wa watu anafanya mchezo wa bastola, mzee anakimbilia sheria za chuo! Mkuki kwa nguruwe, ndivyo tungesema sisi.

Mimi sidhani hivyo. Nadhani Burden alikuwa sahihi, na kijana yeyote wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anayejaza fomu za kuomba nafasi ya uzamili katika sanaa za namna hii anafaa kujua kwa nini, mapema, kabla hajafika mahali ambapo kila mtu anataka kumshtua mwenzake.

Turudi mwaka 1971. Burden alikuwa mwanafunzi wa uzamili kama yule kijana, ila yeye alisoma tawi la Irvine, lililokuwa limefunguliwa mwaka 1965 tu. Mwanafunzi wa sanaa wa zama zile alitarajiwa kuhitimu kwa picha au michongo. Burden, mwishoni mwa Aprili, alijifungia ndani ya kabati la chuma, mojawapo ya yale yanayopangwa ukutani ili wanafunzi wahifadhi mizigo yao. Kimo chake kilikuwa kama sentimita 60, upana 60, kina 90. Katika kabati la juu yake aliweka chupa ya maji ya lita zipatazo 19. Katika la chini aliweka chupa tupu ya ujazo huohuo; msomaji ameshajua ya nini. Chakula alikuwa ameacha siku kadhaa kabla. Alikaa humo siku 5.

Alitarajia upweke. Kilichotokea ni kwamba habari zilisambaa na watu wakaanza kuja. Waliketi sakafuni mbele ya kabati, wakazungumza na mlango. Wengine walimweleza shida zao, mambo ambayo pengine wasingemwambia mtu wanayemwona uso. Yule aliyejifungia ili ateseke peke yake akageuka sikio la chuo kizima. Walimu walihangaika: wavunje kufuli au wamwache? Kwangu mimi kazi ilikuwa hapo, katika hao waliokuja na katika hangaiko la walimu. Mateso ya kukunja magoti yalikuwa sehemu ndogo. Na tazama jinsi ilivyopangwa. Aliyefungiwa alikuwa mmoja, naye ndiye aliyeamua kufungiwa. Kila mwingine alikuja kwa miguu yake na kuondoka alipotaka.

Miezi michache baadaye, Novemba 19, ikaja ile ya risasi. Ilifanyika katika ukumbi mdogo uitwao F Space huko Santa Ana, mbele ya watu wachache walioalikwa. Bunduki ilikuwa ya kaliba ya .22, mpigaji alisimama umbali wa mita kama 4 na nusu, na mpango ulikuwa risasi imkwaruze tu mkono wa kushoto. Ilipita ndani ya nyama. Hata kwa maandalizi yote hayo, risasi haikufuata mpango, na jambo hilo lingetosha kuwa somo zima la muhula.

Lakini wanafunzi waliokuja baada yake hawakurithi maandalizi. Walirithi picha. Kazi ya risasi imebaki katika picha chache, filamu ya sekunde chache na maelezo makavu yasiyojaza hata nusu ukurasa. Ukiitazama maktabani miaka 30 baadaye unaona kijana mwembamba, bunduki na kidonda, halafu unaona jina lake limeandikwa katika kila kitabu cha historia ya sanaa ya karne ya 20. Usione vyaelea, vimeundwa. Lakini nani humwonyesha mwanafunzi karakana ya kuundia? Katika vitabu hivyo mazungumzo ya kabla hayamo, mialiko haimo, wala hesabu ya umbali. Kilichobaki ni hatari peke yake, nayo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kuiga.

Hapa ndipo shahada zenye neno «majaribio» zina mtego wao. Mwanafunzi wa tiba hupimwa kwa lile linalojulikana. Huyu hupimwa kwa lile ambalo halijafanywa bado. Kila wiki darasa hukaa kwenye kikao cha uhakiki, mmoja huonyesha, wengine hujadili. Wa kwanza akila udongo, wa pili atajikata nywele jukwaani, wa tatu atatafuta cha kuwapita. Mwalimu akisema «nenda mbali zaidi», kama wasemavyo walimu wengi wa fani hii, hafafanui mbali upande gani. (Mwanafunzi mgeni kutoka kwetu hubebeshwa mzigo wa ziada: atatarajiwa aje na ngoma na mizimu, na akikataa kuwa maonyesho ya Afrika, njia ya mkato iliyobaki ni kushtua kuliko wote.)

Wenzetu Wasukuma wana wachezaji wa nyoka, Wayeye, ambao hucheza na chatu shingoni na nyoka wa sumu mkononi. Hatari ni ya kweli. Lakini ngoma huchezwa uwanjani, nyoka anaonekana, mzee anajua anakwenda kuona nini, mtoto anajua asimame umbali gani, na anayeogopa hugeuka akaenda zake bila kuaga. Chumba cha UCLA hakikuwa na lolote kati ya hayo. Wanafunzi wale walikuwa wamekuja kipindini, mahudhurio yakiwa sehemu ya masomo yao. Hawakuambiwa kuna silaha, wala kama ni ya kweli au ya mbao. Nayo ilikuwa Marekani ya 2004, miaka 5 tu tangu wanafunzi wawili wa shule ya Columbine kuua watu 13. Anayeona bastola ikichomolewa darasani katika nchi hiyo hafikirii historia ya sanaa, anaangalia dirisha.

Ndiyo maana hoja ya unafiki hainiingii akilini. Burden wa 1971 aliweka hatari juu ya mwili wake na kuwaita watu waje kuiona. Kijana wa 2004 alitia hofu ndani ya miili ya wengine bila kuwauliza. Nami sisemi alikuwa mtu mbaya. Inawezekana kabisa alidhani anamtunza babu yake wa kisanaa kwa heshima. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemfundisha tofauti hiyo kabla, na tukio lilipopita, chuo nacho hakikuonyesha upesi kwamba kinaijua.

Burden mwenyewe alikuwa ameshapata fundisho lake, Chicago, Aprili 1975, katika jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa. Alilala sakafuni chini ya kioo kikubwa kilichoegemezwa ukutani, juu yake saa ya ukutani ikihesabu, asiseme neno. Alikuwa amejiwekea siri moja: kazi itakwisha pindi mfanyakazi yeyote wa jumba atakapogusa saa, kioo au yeye mwenyewe. Hakumwambia mtu. Wafanyakazi, kwa kuheshimu sanaa, hawakumgusa. Usiku ukapita, ukapita wa pili. Mwishowe mmoja wao alimwekea jagi la maji karibu. Burden akainuka, akachukua nyundo na kuivunja saa. Zilikuwa zimepita saa 45 na dakika 10. Baadaye alieleza kwamba alianza kuogopa watamwacha afe.

Kazi hiyo husifiwa sana, na sifa inastahili, lakini mimi huisoma kama onyo ambalo msanii alijiandikia. Alikuwa amewapa watu uwezo wa kumwokoa akasahau kuwaambia kwamba wanao. Watazamaji wa sanaa ni watiifu kupita kiasi. Ukiwaambia hii ni sanaa, watakaa kimya mbele ya mtu anayekauka kwa kiu. Wanafunzi wenzako wanaokutegemea uwasifu kesho kutwa watakuwa watiifu zaidi. Darasani, mbele ya bastola, nani angeinuka kusema «basi, imetosha» na kuhatarisha kuonekana mshamba wa sanaa?

Kwa hiyo anayeandaa kazi ya kuhitimu yenye hatari ndani yake ana mambo ya kumaliza kabla ya kufika kwenye wazo la taa na mavazi. Msimamizi ajue kila kitu, pamoja na kile unachotaka kiwashangaze wengine. Watazamaji wajue aina ya jambo wanaloingilia, hata kama hawajui litakavyokwisha. Awepo mtu mmoja, asiye mwanafunzi mwenzako, mwenye mamlaka ya kusimamisha kila kitu, na ishara yake ijulikane. Silaha, hata ya bandia, isiingie chuoni bila kibali cha maandishi. Hakuna kinachopungua katika sanaa kwa kufanya haya. Marina Abramović, huko Napoli mwaka 1974, alipanga mezani vitu 72, bastola na risasi vikiwemo, akawaruhusu watu wamfanyie watakalo kwa saa 6. Vyote vilikuwa wazi mezani na maelekezo yalikuwa yameandikwa. Mmoja alipomwekea bastola shingoni, wengine waliingilia, kwa sababu walikuwa wameona tangu mwanzo kilichopo na walijua ni wao wenye zamu ya kutenda.

Siku hizi vyuo vingi vya Ulaya na Marekani humtaka mwanafunzi ajaze fomu ya tathmini ya hatari kabla ya onyesho. Naziunga mkono, lakini nina wasiwasi nazo. Peleka kabati la Irvine mbele ya kamati ya leo: siku 5 bila chakula, ndani ya sanduku ambamo mtu mzima hawezi kunyoosha miguu, usiku kucha ndani ya jengo la umma. Litakataliwa asubuhi hiyohiyo, huenda na kamati ileile ambayo ingempa kijana wa bastola ruhusa mradi bastola iwe ya mbao, kwa kuwa karatasi huuliza nani anaweza kuumia mwili na haiulizi nani hakupewa nafasi ya kukataa. Kabati lingepotea, na pamoja nalo wale wote waliokwenda kuketi mbele ya mlango wake wakasema na mtu.