Shahidi wa Maisha ya Wawili

Mke hufiwa na mumewe siku gani? Katika Mji wa Kale wa Mombasa swali hili huonekana jepesi: siku roho ilipotoka. Maiti huoshwa, huswaliwa na kuzikwa upesi. Matanga hukaliwa, hitima husomwa, na mjane hukaa eda ya miezi 4 na siku 10. Kila jirani wa Kibokoni au Kuze anajua aende lini na aseme nini. Utaratibu huu una hekima kubwa, kwani unaipa huzuni mwanzo na mwisho, na unampa mfiwa haki ya kulia mbele za watu.

Lakini yuko mke ambaye huzuni yake haikungoja kifo. Mumewe ana maradhi ya kusahau, ambayo daktari Alois Alzheimer alieleza sura yake moja huko Ujerumani mwaka 1906, na ambayo mitaani kwetu bado twayaita uzee tu. Mfikirie mzee huyo alasiri, adhana ikitoka Msikiti wa Mandhry. Anasimama, anatafuta kofia yake, kisha anamgeukia yule aliyemtilia maji ya udhu na kumwambia kwa adabu: "Mama, mke wangu akija, mwambie nimekwenda kuswali." Naye anajibu, "Haya, nitamwambia." Aliyetumwa ndiye anayepelekewa ujumbe. Je, saa hiyo yeye ni mke au mjane?

Dini itajibu kwamba ni mke, na haki zake zote ziko pale pale. Moyo hauna jibu la wazi kiasi hicho. Msomi wa Marekani, Pauline Boss, ametumia miaka mingi kuuchunguza msiba wa namna hii, wa kupotelewa na mtu ambaye bado yupo. Mwenye msiba huo hajui aanze kulia lini wala anyamaze lini. Majirani nao hawaji kumwambia "makiwa", maana hakuna jeneza lililotoka mlangoni.

Basi tujiulize: amepoteza nini hasa? Twaweza kusema amepoteza mume. Lakini mikono ni ile ile, mahamri kwa mbaazi bado anayapenda, na sura alizohifadhi chuoni utotoni huenda bado anazisoma bila kukwama. Twaweza kusema zimepotea kumbukumbu. Lakini hizo ni za mume. Za mke mwenyewe ziko salama, na pengine ndizo zinazomuumiza. Mimi naona alichopoteza ni shahidi. Kwa shahidi nakusudia mtu wa pili anayejua kwamba jambo fulani lilikuwa kweli. Ndoa ndefu ina mambo mengi yasiyoandikwa popote: mtoto aliyefariki mchanga, deni lililolipwa kimya kimya, ugomvi ambao hata mama mkwe hakuusikia. Ni wawili tu wanaoyajua. Mmoja akisahau, mambo hayo hayageuki uongo, ila aliyebaki hana tena wa kumuuliza, "Unakumbuka?" Hapo ndipo ujane wa moyo unapoanza, hata nyumba ikijaa wajukuu.

Kisha siku ya kifo inafika, na wageni wanasema: "Mungu amempumzisha, nawe umepumzika." Ni maneno ya upole, na yana ukweli. Hata hivyo yanamliwaza muuguzi na kumwacha mke. Mke huyu anawalilia watu wawili: mgonjwa aliyezikwa jana, na kijana aliyemuoa, ambaye aliondoka zamani bila matanga. Wanaoshangaa kwamba analia sana ilhali mzee aliugua muda mrefu wamemhesabia msiba mmoja.

Faraja, basi, ni nini? Naielewa kuwa ni kumpunguzia mtu upweke ndani ya maumivu, hata pale maumivu yenyewe yasipopungua. Mombasa inalijua jambo hili tangu zamani. Katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa mji huu, Margaret Strobel alieleza vyama vya lelemama kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa ngoma na kusaidiana katika harusi na misiba. Mwanamke aliyekuchezea harusini aliweza kuwa yule yule aliyekaa nawe matangani, akiijua hadithi yako tangu mwanzo. Siku hizi Nairobi, Elizabeth Mutunga, ambaye baba yake alipatwa na maradhi haya, ameanzisha shirika linalowakutanisha wanaouguza. Katika mkutano wa namna hiyo mtu haulizwi kwa nini anamlilia mtu anayekula chakula chumba cha pili.

Kumbe kinachotakiwa si kigeni kwetu. Kinatakiwa mapema zaidi tu. Aende mtu akae na mzee, mkewe apate kwenda darsani au harusini. Aende rafiki wa zamani amsimulie mke jinsi mumewe alivyokuwa akicheka barazani, wakati mzee angali hai, na arudi tena eda ikisha. Kumbukumbu tulizonazo za mzee huyo si mali yetu peke yetu. Ni amana, na mwenye kuidai yuko hai, mtaa wa pili tu.